Mti wa Kung'utia Viatu

Chini ya mlima, 4 Juni

Mpwa wangu,

Kama umesimama unapoisoma barua hii, tafuta kiti, maana mjomba wako ameponea chupuchupu tena. Juzi nilikuwa na kundi la wageni kule ambako mawingu yanakuwa chini yako kama godoro. Ukavuma upepo, upepo gani huo sijui, hata mawe yalikuwa yanashikana mikono. Mgeni mmoja, dume la mtu, kimo chake mlango, akapeperuka. Nikamdaka kwa kamba ya kiatu. Nikamfunga mgongoni na kumshusha kama kuku wa sokoni. Tulipofika chini akaniuliza, "Wewe kweli ni binadamu?" Nikamwambia, "Kamuulize dada yangu, ndiye aliyenilea."

Basi nimechoka kidogo. Si uchovu wa uzee, usije ukampelekea mama yako uzushi. Ni uchovu wa ushindi. Goti la kulia linalalamika nikipanda, nikishuka linalalamika zaidi, na nikikaa linanuna. Kwa hiyo nimeona nije nyumbani mwezi ujao, nipumzike kabla ya kilele kingine. Dada asihangaike. Kile chumba cha uani kinanitosha, hata kama kina magunia. Nitakaa siku kadhaa. Au zaidi ya kadhaa, itategemea wageni watakavyonililia huku.

Na uuambie mti wangu ujiandae. Safari hii nina udongo mwekundu, na mweusi, na mwingine wa kijivu kama majivu, wote wa vilele ambavyo hata ndege huomba ruhusa. Nitaukung'uta pale pale shinani, ko, ko, ko, mpaka dada atoke jikoni aseme, "Huyo kafika." Wewe hukuwepo siku alipoupanda ule mparachichi. Mimi nilikuwa na begi mgongoni, naondoka kwa mara ya kwanza. Akaniambia, "Kila ukirudi, kung'uta viatu hapa kwanza, nijue ulikotoka." Tangu siku hiyo sijawahi kuosha viatu kabla ya kuja kwenu. Kiatu cha mpanda mlima hakiogeshwi, ni kama simba. Umewahi kumwona simba na beseni?

Barua anaileta dereva wa lori la gesi. Habari za simu usinianzie. Simu haina adabu, inakukata katikati ya hadithi.

Mjomba wako,
Baba wa Mawingu


Langoni mwa msitu, 11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua imefika, inanuka gesi. Pole na goti, na mpe pole yule uliyemfunga mgongoni.

Huku nasi tumechoka, ila kwetu hakuna ushindi. Tangu ugonjwa wa kuoza mizizi uingie upande wa juu wa msitu, hakuna anayepita langoni kabla viatu vyake havijasuguliwa, na msuguaji ndiye mimi. Asubuhi wanapanga foleni, wote wana haraka, na wote viatu vyao ni visafi, waulize tu. Jana mama mmoja mwenye kofia kubwa aliniambia, "Binti, hivi vimetembea kwenye zulia tu." Nikachokoa soli kwa mswaki, likadondoka donge lenye mbegu iliyokwisha kuchipua. Akalitazama. Akasema, "Hilo si langu." Nikamwambia, "Basi mama, ni la zulia." Mwenzangu alicheka mpaka akapiga teke ndoo ya dawa, tukaanza kuchanganya upya, na foleni nzima ikatununia.

Mjomba, nina neno, na nalisema kwa heshima zote. Viatu vyako visikanyage nyumbani kwetu. Viache huko huko, au vioshe mpaka basi. Na huo udongo usije nao, hata wa kujaza kijiko. Langoni tuna msemo wetu, sheria haina mjomba. Mengine nitakueleza siku nyingine.

Mama anakusalimu. Siku hizi anashinda shambani.

Mpwa wako


Chini ya mlima, 19 Juni

Kwako Afisa wa Lango,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikampa dereva wa lori anisomee, labda macho yangu yana chuki. Tukakubaliana wote wawili kwamba nimefukuzwa.

"Viatu vyako visikanyage nyumbani kwetu." Haya. Mtu na viatu vyake utawatenganisha vipi? Nilikubeba begani mpaka shingo ikapinda, na mpaka leo nikitazama kushoto lazima nigeuke mwili mzima. Kufunga kamba za viatu nilikufundisha mimi, hapo hapo chini ya ule mti, na ulikuwa mzito wa kuelewa, nisamehe, nilikuficha hilo miaka yote. Leo mwanafunzi ananifundisha beseni.

Na hivyo vijidudu vyenu havinitishi. Mimi nimelala kwenye pango lenye barafu, asubuhi nikaikuta barafu imejifunika blanketi langu. Kijidudu gani kitavumilia hayo? Kingeomba kushuka na wapagazi.

Ungesema tu kwamba chumba cha uani mnakitaka kwa ajili ya magunia, ningeelewa. Gunia ni kitu cha maana. Halili, halikoromi, halina goti.

Basi sitakuja. Huku wananigombania hata hivyo. Jambo moja tu ndilo ninaloomba nijue: dada anajua umeniandikia maneno haya?

Aliyekuwa mjomba wako


Langoni mwa msitu, 27 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hakuna aliyekufukuza. Nimekaa na barua yako kwenye mfuko wa aproni, na leo nimeona bora nivunje ahadi niliyompa mama kuliko kukupoteza.

Mti wako unakufa.

Ulianza msimu uliopita. Majani yakawa madogo, ya njano njano, yakawa yanapukutika kutoka juu kuelekea chini kama mtu anayepata upara. Mama akadhani ni kiu. Akawa anaumwagilia asubuhi na jioni, ndoo kwa ndoo, mgongo wake unajua. Kumbe kila ndoo ilikuwa inaupeleka ugonjwa mbele. Mwishowe nikamwomba mtaalamu wetu wa hapa langoni apite nyumbani. Akafukua shinani. Mizizi midogo ilikuwa myeusi, ukiigusa inakatika kama njiti ya kiberiti iliyoungua. Ni ule ule unaomaliza msitu. Hautembei wenyewe, Mjomba. Unabebwa, kwa tope lililoganda kwenye kiatu, kwenye jembe, kwenye vigingi vya hema.

Mtaalamu akamuuliza mama, "Nani huwa analeta udongo hapa?" Mama akajibu, "Upepo." Akasema bila kupepesa macho. Yule bwana akainama akachukua donge, akaligeuza geuza, akasema, "Mama, huu upepo umesafiri sana."

Unakumbuka shamba lilivyolala. Mti wako uko juu, mingine yote iko chini yake, na mvua ikinyesha maji yanashuka kwao. Wa pili umeanza kupauka. Mama ana miti ile na mgongo wake, hana kingine. Wewe unajua.

Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Akijua ni viatu vyake hatarudi tena, namjua." Ndiyo maana niliandika kwa mkato, na mkato ukawa mbaya kuliko ukweli. Nisamehe.

Sasa nina ombi. Mtaalamu anauliza udongo ule ulitoka mlima upi hasa, ili wawaonye watu wa huko kabla hawajaambukiza wengine. Nitajie vilele tu, hata kwa majina ya utani. Vyote ulivyopanda miaka hii.

Mpwa wako


Langoni mwa msitu, 20 Julai

Shikamoo Mjomba,

Dereva wa lori amepita mara ya pili hana barua. Nilimuuliza kama u mzima. Akasema, "Mzima, ila mikono imempasuka." Nikamuuliza mikono ya kuongoza wageni inapasukaje. Akaanza kuhesabu mitungi ya gesi, na yule huwa hahesabu.

Nimekumbuka ile siku moja uliyopiga simu. Nyuma yako kulikuwa na maji yanayomwagika na kitu kinakwaruza, kwaru kwaru, bila kupumzika. Ulisema ni maporomoko. Mjomba, ile sauti mimi naishi nayo.

Sikuulizi kitu. Nakwambia tu kwamba naijua.

Mama leo ameukata mti wako. Hakutaka kibarua. Aliukata, akang'oa na kisiki, akavichoma pale pale kwa sababu nilimwambia kisitoke hata kijiti. Halafu akaomba dawa ya langoni, akakaa kwenye kigoda akaosha jembe, akaosha shoka, akaosha miguu yake. Amesema atakuandikia mwenyewe, na nisisome. Nimeweka ya kwake humu, imefungwa.

Mpwa wako


Nyumbani, 20 Julai

Mdogo wangu,

Mimi si mtu wa kuandika, na mgongo unauma, kwa hiyo tega sikio.

Mti nimeukata. Ulikuwa mti. Haukuwa wewe.

Mtoto amekuuliza mlima upi, na umenyamaza. Najua kwa nini. Ni mimi ninayefagia chini ya ule mti miaka yote. Zamani udongo wako ulinuka moshi na baridi. Baadaye ukaanza kunuka sabuni. Ukawa na nyuzi za brashi ndani, na mbegu nisizozijua, na rangi nyingi kuliko zinazoweza kukanyagwa na miguu miwili ya mtu. Nikajua goti limekwisha, na kwamba siku hizi hupandi, unaosha viatu vya wanaopanda, na kwamba ukikaribia kuja kwetu unachota tope la watu kwenye karo la kuoshea unapaka kwenye viatu vyako ili upate cha kukung'uta.

Sikusema. Ulikuwa unasimulia vizuri, na ulikuwa umerudi. Nami nilikuwa nataka kusikia ile ko, ko, ko kuliko nilivyotaka kujua imetoka wapi. Kwa hiyo usibebe huu mzigo peke yako. Mlango niliufungua mimi.

Chumba cha uani nimetoa magunia. Mti wa pili nimeuzungushia mtaro maji yasishuke, mtaalamu ametoa dawa, tutaona. Iliyobaki bado ni mizima na nataka ibaki hivyo. Kwa hiyo njoo, lakini njoo safi. Ukija na tope nitakurudisha mwenyewe kutoka getini, na unajua nitaweza.

Dada yako


Chini ya mlima, 2 Agosti

Shikamoo Dada. Na wewe Afisa, najua unasoma juu ya bega lake, soma kwa sauti basi, macho yake si mazuri.

Kwanza kabisa, watu wanakosea sana kuhusu mlima. Kupanda ni nini? Mbuzi anapanda. Nzi anapanda, tena kichwa chini. Wapandaji mlima huu unao tele, wamejaa kama mchele. Lakini nenda ukaulize hapa chini, nani anaosha? Watakuonyesha kwa kidole. Siku moja nililetewa kiatu chenye matope ya nchi ambazo zenyewe hazisemezani. Nilipokimaliza, mwenyewe akakikataa, akasema nimembadilishia. Nikamwonyesha jina lake ndani, ambalo hata yeye alikuwa hajaliona tangu akinunue. Akakaa chini akalia. Muulizeni dereva wa lori.

Afisa, wewe na mswaki wako mnachokoa soli mnadhani mmemaliza. Utangoja sana. Kiatu hakianziwi kwenye soli. Kwanza toa kamba, zote, maana tope la hatari linalala chini ya ulimi wa kiatu, pale kamba inapouficha. Toa na ule mto wa ndani. Tope likiwa bichi usilipige brashi, utalipaka tu, liache likauke kidogo libanduke lenyewe. Soksi zigeuze ndani nje. Hema usiangalie turubai, angalia zipu, na vigingi, na mfuko wake, kila mtu anaosha hema halafu anairudisha kwenye mfuko mchafu. Fimbo za kutembelea zifungue, zina tumbo. Na zile bandika-bandua zinazolia chraa ukizivuta, hizo ndizo makao makuu ya mbegu, mimi hutumia sindano. Halafu jua. Dawa ni nzuri lakini usiwe na haraka na jua. Kitu kilichokauka mpaka ndani ya mshono hakibebi mgeni.

Sasa jibu la mtaalamu wako. Mwambie asihangaike kutafuta kilele. Ni vyote. Ni vyote vya dunia, vinakutana kwenye karo moja nyuma ya stoo yetu, na lile karo lilikuwa linamwaga maji yake kijitoni. Nasema lilikuwa. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nachimba shimo, na goti hili, na mikono hii, na bosi amesimama ananiambia, "Mzee, umechanganyikiwa? Nani alikutuma?" Nikamwambia, "Dada yangu ana miti." Akasema hiyo si sababu. Nikaendelea kuchimba. Siku ya tatu akavua saa akashika koleo. Tope lote sasa linaingia shimoni. Ni shimo refu, Afisa. Nisiseme urefu wake, hutaamini, lakini ukitupa neno ndani linarudi limekomaa.

Viatu vyangu nimeviosha. Kamba nimezichemsha. Nikaviweka juani, nikavigeuza, nikaviweka tena. Halafu nikaona ufa kwenye soli ya kulia, una tope ambalo nadhani ni kubwa kuliko Afisa kwa umri. Nikachokoa kwa sindano mpaka sindano ikavunjika. Likabaki kidogo, ndani, mbali, jeusi. Mtu mwingine angesema limekufa hilo, twende. Mimi nimeshawahi kusema hivyo kuhusu mambo mengi.

Nimevitundika kwenye msumari wangu stoo. Vibaki huko. Nitakuja na malapa ya plastiki, mapya, yenye karatasi yake. Lori linaondoka huku Jumamosi ya wiki ijayo. Si kwa siku kadhaa, Dada. Bosi nimemuaga.

Ila kuna kitu kimoja, na hapa sina hadithi. Mti haupo. Viatu havipo. Nikifika getini na malapa yangu, mtu mzima, sina udongo wa mahali popote, nitakung'uta nini? Utajuaje kama ni mimi nimefika?

Mdogo wako


Nyumbani, 7 Agosti

Mdogo wangu,

Beseni liko getini. Mtoto kaliweka hapo na dawa yake, na anasema malapa mapya nayo yataingia. Usibishane naye, nimeshabishana mimi nikashindwa. Miguu nitakuosha mwenyewe. Si mara ya kwanza.

Hilo swali lako la mwisho nimelisoma nikiwa nimeshika jembe, ikabidi nikae.

Wewe kohoa tu. Kikohozi chako nakijua tangu enzi zile ulipokuwa unajifanya mgonjwa kila asubuhi ili usiende shule.

Dada yako